Pumzi ya Ijumaa

"Vuta. Shikilia. Nahesabu mpaka kumi na tano."

Yahya alivuta pumzi akaifungia kifuani. Siku hizi kifua chake hakikupenda kufungiwa kitu. Kufikia hesabu ya sita kilikuwa kimeanza kuruka, kinataka kukohoa, naye akafumba macho na kushika magoti yake kwa nguvu. Watu kumi na mmoja walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki wakimtazama. Nyuma ya kiti chake alisimama binti yake Khamisa, mkono mmoja begani mwa babake. Mkono huo ulikuwa hapo tangu walipoingia.

"Sasa puliza. Polepole. Toa yote mpaka iishe."

Alipuliza kwenye kile kibomba cha karatasi mpaka akaona nyota. Kimashine kikalia mkononi mwa Nesi Magdalene, na kijitaa chake kikawaka chekundu.

"Kumi na tisa," nesi akasoma.

Hakupaza sauti, na hakukuwa na haja. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya magodoro ya hospitali kabla ya kupakwa rangi na kuandikwa mlangoni Chumba cha Kuacha Sigara. Mtu akijikuna upande huu, wa upande ule walimsikia. Asiyevuta hupuliza chini ya sita, na wote mle ndani walilijua hilo kama wanavyojua umri wao. Mwanamke aliyeketi mkabala na Yahya aliinama akaangalia viatu vyake, na huo ndio uungwana pekee aliofanyiwa asubuhi ile.

"Mzee Yahya. Wiki jana ulikuwa kumi na saba. Leo kumi na tisa."

"Sijavuta, sista."

Sauti yake ilitoka imekwaruza, kama ya mtu aliyeshinda uwanjani akishangilia mpira, ingawa ilikuwa miezi tangu apaze sauti kwa jambo lolote. Akajaribu tena. "Wallahi sijavuta. Tangu siku ya kwanza ya mfungo mpaka leo hii, wallahi."

"Usiape, mzee. Hapa hatuapi, hapa tunapuliza."

Wawili watatu wakacheka, wala si kwa ubaya. Yahya alihisi joto likimpanda shingoni mpaka masikioni. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Alikuwa ameoza mabinti wawili na kuzika mke, na msikitini watu walimpisha safu ya mbele. Hapa aliulizwa mbele ya watu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni, na kibaya zaidi ni kwamba alijiona ameinamisha kichwa kama mtoto huyohuyo.

"Shahidi," nesi akaita.

Ndivyo walivyofanya pale kila Ijumaa. Kila mtu alikuja na shahidi wake, mke au mtoto au jirani, akasimama nyuma ya kiti chake, na baada ya kupuliza, shahidi akasema mbele ya wote kama mtu wake amevuta wiki ile au hajavuta. Kijani kilipigiwa makofi. Chekundu kilihamishiwa viti vya nyuma. Nesi Magdalene aliutoa utaratibu huo kanisani kwake, ambako watu husimama kutoa ushuhuda, na kusema kweli wengi uliwasaidia. Walichoogopa si saratani. Waliogopa macho ya watu wao.

"Mimi ni shahidi wa baba," Khamisa alisema. "Hajavuta."

"Wewe unafanya kazi Membley, unalala hukohuko. Utajuaje?"

"Najua kwa sababu ameapa."

Mtu mmoja akaguna. Nesi Magdalene alimtazama msichana yule kwa muda, kisha akaandika kitu kwenye kadi.

"Mzee, sheria unazijua. Hii ni mara ya pili unakana. Ukikana ya tatu, nakutoa kwa orodha, sina namna. Ukikiri, unaanza upya wiki ya kwanza na hakuna mtu hapa atakuhukumu. Enda ufikirie."

Orodha hiyo ndiyo iliyobeba uhai wake. Miezi miwili nyuma, Daktari Mwau wa hospitali hiyohiyo alimpitisha kamera nyembamba puani mpaka kooni, akamwonyesha kwenye skrini doa jeupe lililokaa juu ya kamba ya sauti. Bado si saratani, daktari alisema. Likikatwa mapema, mtu anaenda nyumbani kwake. Likiachwa, mwaka huu au ujao litageuka, na hapo tutakuwa tunaongea mambo mengine. Lakini yeye hakati mtu anayevuta: kidonda hakifungi vizuri na doa hurudi. Alete kadi ya Nesi Magdalene yenye Ijumaa sita za kijani, apewe siku ya kuingia thieta kukatwa. Bima ya kazini ingelipa.

Yahya alivuta sigara yake ya mwisho jioni ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani. Miaka thelathini na miwili ya kuvuta, na akaacha. Alitafuna chingamu za dawa walizopewa bure pale chumbani mpaka mataya yakamuuma. Usingizi ulimhama, akagombana na kila jirani wa ploti yao kule Landless, akaja akawaomba msamaha wote siku ya Idi. Hakuvuta. Wiki tano za mwanzo hazikuhesabiwa, kwani nesi alisema mwili unajisafisha. Sasa zilikuwa zimeanza kuhesabiwa, ilikuwa siku ya arobaini na saba, na kadi yake haikuwa na kijani hata kimoja.

Alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe. Alijikuta akinusa vidole vyake barabarani. Alijiuliza kama mtu anaweza kuamka usingizini akavuta asikumbuke, na siku moja alipekua mifuko ya koti lake mwenyewe kama mwizi.

"Mashine ni ya watu, baba," Khamisa alimwambia langoni, akiwahi kurudi kazini. "Inaweza kukosea kama watu. Ijumaa ijayo nakuja tena." Akamrekebishia kola na kuondoka.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, Bedan alikuwa akipanga viatu vyake vya mitumba kwenye turubai. Yeye na Yahya walikuwa pamoja mle chumbani, na asubuhi ile Bedan alikuwa amepigiwa makofi kwa kijani cha nne mfululizo. Yahya alivuka kwenda kumpongeza. Alimkuta amechuchumaa nyuma ya kibanda, anawasha sigara.

"Usiniangalie hivyo, mzee wangu. Nitaacha. Lakini si leo."

"Umepuliza nne."

"Nimepuliza nne kwa sababu mara ya mwisho nilivuta ni Jumatano asubuhi. Hiyo mashine haina macho ya mbali. Inaona moshi wa jana, ikijaribu sana inaona wa juzi. Ukikaa siku mbili bila moshi, uko safi kama mtoi amezaliwa jana." Akavuta, akatoa moshi upande ambao hautamfikia mzee. "Wewe shida yako ni moja, unavuta Alhamisi."

"Sivuti Alhamisi. Sivuti siku yoyote, Bedan."

Bedan akaanza kucheka. Akamwona uso, akaacha.

"Haki?"

"Haki ya Mungu."

"Basi huo moshi unautoa wapi? Kwani wewe hufanya kazi gani?"

Yahya akafungua mdomo kumjibu, akaufunga. Alikuwa ametoka zamu ya usiku saa kumi na mbili asubuhi ile na kuja moja kwa moja. Masizi yalikuwa bado yamekaa kwenye mikunjo ya shingo yake, na viganja vyake vilinuka kuni.

"Boila," akasema. "Nalisha boila."

Bedan aliitazama sigara iliyokuwa mkononi mwake, halafu akamtazama mzee.

"Wah," akasema polepole. "Wanakufanyia hivyo na wewe unakubali?"

Hakuna aliyekuwa amemfanyia chochote, Yahya alitaka kusema. Lakini alipofika nyumbani hakulala.

Kiwanda chake cha juisi, kule Eneo la Viwanda Thika, kilikuwa na boila mbili za kuchemshia maji ya mvuke, na moja ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi. Iliyobaki ilikula kuni na maganda ya makadamia usiku na mchana, maana mananasi hayangoji. Walioilisha walikuwa Yahya na mwenzake mmoja, huyu akiingia yule akitoka. Bomba la moshi lilikuwa limepasuka pale linapoachana na mgongo wa boila, kwa hiyo kabla ya kwenda angani moshi ulimpitia mtu kwanza. Yahya aliliandika jambo hilo mara tatu kwenye daftari la hitilafu. Walikuja wakafunga ufa kwa bati na waya. Kila siku ya kazi kichwa kilimuuma na kila Jumapili kilipona, na miaka yote hiyo alidhani ni kukosa usingizi.

Jumatatu alimsubiri msimamizi wao, Munyao, mpaka akapita upande ule. Munyao hakuwa mtu mbaya. Miaka tisa walikuwa wamekula chakula cha mchana kwenye benchi moja, na mkewe Yahya alipofariki, Munyao ndiye aliyekaa naye makaburini mpaka watu wakaisha.

Yahya akamweleza yote, sauti ikimkatika katikati ya maneno.

"Nataka siku mbili tu. Jumatano na Alhamisi. Niweke kufagia, niweke kupakia lori, niweke hata kuosha vyoo, wala usinicheke. Ijumaa nipulize nikiwa msafi."

"Kwa muda gani?"

"Wiki sita."

"Na boila itakaliwa na nani?"

Munyao akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena.

"Funga kitambaa chenye maji."

"Nafunga siku zote. Nimepuliza kumi na tisa na kitambaa."

"Yahya, ndugu yangu. Nikipeleka hii maneno ofisini wataniuliza ni kwa nini. Nitasema nini, ati boila yetu inafanya mtu aonekane ni mvutaji? Wakisikia hivyo unafikiri watarekebisha bomba ama watakurekebisha wewe?"

"Sasa nifanye nini?"

"Leta barua ya hospitali. Waandike wao kwamba ni boila. Lakini ujue na hii kabla hujaileta." Munyao aliangalia nyuma kuona kama kuna mtu. "Mgonjwa wa kifua hakubaliwi boila. Na wewe uliandikwa hapa wa boila. Ukitoka boila umetoka kiwandani, ukitoka kiwandani bima nayo imeenda. Hiyo operesheni utafanyiwa na nani?"

Hakuyasema kwa dharau. Alikohoa, akatema kitu cheusi kando, akakisukumia jivu kwa mguu, kisha akaenda zake kuangalia mananasi.

Hata hivyo Yahya alikwenda kuitafuta barua. Mtu aliyebanwa hivyo hushika alichonacho, na yeye alichokuwa nacho ni kwamba amesema kweli. Jumanne saa mbili asubuhi alimkuta Nesi Magdalene peke yake, anapanga maboksi ya chingamu kwenye kabati. Hakumkaribisha kiti, lakini alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua droo, akatoa kijitabu cha ile mashine, akafunua ukurasa wa nyuma kabisa na kuutazama bila kumpa.

"Wameandika hapa," alisema. "Jiko la makaa, moshi wa magari, moshi wa kiwandani. Ati kabla ya kupima, muulize mtu anafanya kazi gani."

"Hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

Akakifunga kijitabu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti iliyozoea kuongoza nyimbo, na sasa sauti hiyo ilikuwa imeshuka mpaka ikafanana na ya Yahya.

"Basi niandikie, sista. Mistari miwili tu. Useme si sigara, ni boila."

"Boila ya nani, mzee?"

Yahya hakuelewa. Nesi akaelekeza kidevu mlangoni. Pale juu, chini ya maneno ya Chumba cha Kuacha Sigara, palikuwa na kibao cha shaba cha kusema chumba kimekarabatiwa kwa hisani ya kiwanda, na jina la kiwanda. Yahya alikuwa amepita chini ya kibao hicho kila Ijumaa. Siku ya kwanza alikionea hata fahari, akamwambia Khamisa, unaona, ni sisi.

"Hizi chingamu ni zao," Nesi Magdalene alisema. "Mashine ni yao. Kandarasi yangu ni yao, wanaipitia kila miezi mitatu. Nikiandika boila, hiyo barua haitafika kwa daktari, itafika kwa mkurugenzi, na Ijumaa inayofuata hapa patakuwa stoo ya magodoro. Kuna watu wameacha sigara humu ndani, mzee. Wameacha kabisa, si kama kina Bedan."

"Ya Bedan unaijua?"

"Bedan ni kijani. Wanapenda kijani."

Alishindwa kumtazama aliposema hivyo. Yahya aliona aibu kwa niaba yake, akaangalia dirishani. Nje wagonjwa walikuwa wameanza foleni.

"Kiri," nesi akasema.

"Nikiri nini?"

"Useme ulivuta. Nikuandike wiki ya kwanza upya, jina libaki kwa orodha. Nami nitaongea na Daktari Mwau polepole, kwa mdomo, bila karatasi. Ukikana tena Ijumaa sitaweza kukusaidia, watakuwa wameona."

"Nani wataona?"

"Wageni wa kiwanda wanakuja. Kupiga picha."

Yahya akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo. "Nikianza upya, nitapuliza nini? Boila ni ileile."

Nesi Magdalene aliinua boksi, akalirudisha palepale lilipokuwa. "Tutaona," alisema.

"Basi Khamisa asije."

"Kukiri bila shahidi hakuandikwi. Na usimwambie kitu kabla. Yule mtoto akijua, atasimama aseme mbele yao."

Hilo lilikuwa kweli. Khamisa hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Angesimama, angeitaja boila na ufa na daftari la hitilafu, na kufikia Jumatatu babake asingekuwa na kazi, bima wala thieta. Yahya alijiambia atamweleza baadaye, wakishatoka, palepale langoni. Alijiambia pia kwamba aliyebanwa roho yake ana udhuru mbele ya Mungu. Lakini alikuwa ameapa mara mbili mbele ya watu, kwa jina ambalo hakulichezea hata alipokuwa mtoto, na sasa alitakiwa kwenda kusema kwamba aliliapia uongo. Alhamisi alimpigia simu bintiye. Alitaka walau kumwandaa.

"Madam amenipa ruhusa mpaka saa sita," Khamisa alisema kabla hajaanza. "Nimemwambia baba yangu anasingiziwa. Amenipa hata nauli. Baba? Mbona huongei?"

"Ni koo," Yahya akasema.

Ijumaa chumba kilijaa. Wageni walikuwa watatu, wenye fulana nyeupe za kiwanda juu ya nguo zao nzuri, wakiongozwa na Ciku wa ofisi ya wafanyakazi, msichana mchangamfu aliyewasalimu wote kwa mkono, mmoja baada ya mwingine. Bedan alipuliza tatu. Walimpigia makofi, wakampiga picha akiwa ameshika mashine, na yeye akatabasamu vizuri sana. Hakumtazama Yahya hata mara moja.

"Leo tuna mwenzetu ana neno," Nesi Magdalene alisema. Alikuwa ameinamia kadi.

Yahya akasogea kiti cha mbele. Mkono wa Khamisa ukaja begani mwake.

"Huyu si ni wetu wa boila?" Ciku alimnong'oneza nesi, lakini wote walisikia. Akainua simu yake kurekodi. "Hii ni nzuri sana. Mzee, usiogope, uko nyumbani. Ukimaliza utaniwekea sahihi mahali, ni ya faili yako tu."

Yahya alielewa faili hiyo ingekuja kusema nini siku koo lake litakapogeuka: kwamba ni sigara, si moshi wa boila. Alilielewa hilo wazi kabisa, na bado akafungua mdomo.

"Nilivuta," akasema.

Begani, vidole vya Khamisa vikakaza, kana kwamba hakusikia vizuri na anataka arudie.

"Endelea, mzee," nesi akasema.

"Nilidanganya. Nilikuwa nikivuta."

"Lini?"

"Jumanne."

"Wapi?"

Hilo hakuwa amelitayarishia jibu. Kazini hakuweza kusema, Ciku alikuwa palepale, na anayevuta kazini hufukuzwa siku hiyohiyo. Nyumbani alishindwa, kwani chumba kile kilikuwa cha mama yake Khamisa. Akatafuta mahali pengine ambapo maisha yake yalimfikisha, na hapakuwa na pengi.

"Nikitoka msikitini," alisema. "Alfajiri."

Mkono ukaondoka begani. Haukuondolewa kwa hasira. Uliondoka tu, na mahali ulipokuwa pakaingia baridi. Mwanamke wa mkabala, yuleyule, safari hii alimtazama usoni akatikisa kichwa kwa huruma. Yahya alitamani sakafu ifunguke, nayo ilikuwa simenti mpya iliyopigwa rangi nyekundu na kiwanda.

"Ngapi?" nesi akauliza.

"Mbili."

Kalamu ikaandika. Simu ya Ciku ikaendelea kurekodi. Kisha Yahya akamsikia binti yake akipenga kamasi nyuma ya kiti, akamsikia akizunguka mpaka akachuchumaa mbele yake, mikono juu ya magoti yake, uso umelowa. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua Yahya. Alikuwa akimtazama kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

"Ni mbili tu, baba?" Khamisa akauliza. "Sema zote. Ukisema zote ndiyo utapona."

Yahya alimtazama. Akaitazama kalamu ya Nesi Magdalene, iliyokuwa imesimama juu ya kadi ikingoja, na nesi mwenyewe, ambaye hakuinua macho.

"Tatu," akasema.

Nesi akakata mbili, akaandika tatu. Watu wakatazamana, wasijue kama wameruhusiwa. Kisha mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wote wakamfuata, wageni na wagonjwa na mashahidi wao, mpaka chumba kikajaa. Aliyeanza alikuwa Khamisa.